Ulanzi Hausubiri

Jumapili, saa nne usiku. Watoto wamelala. Mbele yangu kuna daftari la hesabu la mwanangu, na ukurasa wa mwisho umechorwa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Njombe. Tumeifuta na kuichora upya mara nne.

Tulianza kwa kubishana: kaskazini au kusini? Baba watoto ni Mchagga wa Kibosho, na safari ya kufuata pombe za asili na chakula kizuri, kwake lazima iishie Moshi. Simlaumu. Mbege niliionja mara ya kwanza kwa mama mkwe, baada ya kushinda naye jikoni nikiangalia. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, halafu unakuja uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wake unatokana na gome la msesewa. Alinipa kwenye kata, pembeni sahani ya machalari, na tangu siku ile sijawahi kuiita mbege pombe ya kienyeji kwa sauti ya kudharau, kama wanavyoiita wengi hapa mjini.

Ila mbege inapikwa mwaka mzima. Tukienda Juni ipo, tukienda Oktoba ipo. Ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, una msimu wake, na nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mama, msimu huu ni wa kwenu."

Kwetu ni Iringa vijijini. Babu yangu alikuwa mgema. Mvua zikishika, milanzi, yaani mianzi ya ulanzi, inachipua, na chipukizi likiwa bado changa anakata ncha yake na kuning'iniza mbeta, kile chombo cha kipande cha mwanzi. Asubuhi anazunguka, jioni anazunguka tena; kila mara anamwaga kilichokusanyika na kukwangua kidonda upya, kipande chembamba sana, ili utomvu usikauke. Hauchemshwi, hautiwi hamira, hauongezwi chochote. Hamira iko hewani na ndani ya mbeta yenyewe. Ule wa kugemwa asubuhi ni mtamu, unaitwa mtogwa, na sisi watoto tulipewa kidogo. Ukilala unaanza kuwasha ulimi. Ukizidi kukaa unakuwa mkangafu, wa wazee, na ukipita hapo ni siki.

Ndiyo maana siamini ulanzi wa kutumwa. Mwaka juzi ndugu yangu alinitumia kidumu kwa basi. Kilifika kimevimba, kifuniko kikaruka nilipokigusa, na kilichobaki ndani kilikuwa kikali hadi machozi yakanitoka. Nililia kweli, lakini si kwa ukali wake. Nilikuwa nimewaita marafiki wawili waje waonje kitu cha babu yangu, na wakaondoka wakijua ulanzi ni ule. Tangu hapo nimekuwa na deni. Kitu hiki hakiji kwa mtu. Mtu ndiye anakiendea.

Kwa hiyo ratiba yote inazunguka asubuhi moja kijijini, na mengine tunayapanga kandokando yake. Tutaondoka Dar alfajiri. Chalinze tutanunua mananasi, tukiyakuta. Morogoro ni chai na chapati tu. Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50 hivi, na pale mwendo ni 50 kwa saa. Watoto watahesabu twiga. Ruaha Mbuyuni nataka tusimame kwa muda, maana vitunguu vya pale ndivyo nitakavyokaangia kuku wa kienyeji kwa shangazi, na Ilula nitachukua nyanya. Sitaki kufika kijijini na mboga za sokoni Kariakoo wakati barabara nzima ni shamba.

Katikati ya vitunguu na nyanya kuna Kitonga. Mlima ule na malori yake ndio uliotufanya tuandike sheria moja kwa kalamu nyekundu: tunakunywa tunapolala, basi. Hakuna "moja tu ya njiani". Siku ya kijijini gari halitembei. Kama tutaendelea Njombe, ni kesho yake baada ya kulala vizuri, kupitia Mafinga na misitu ya Sao Hill, tukate kushoto Makambako. Njombe ninaitaka kwa baridi yake, viazi na maparachichi, na ulanzi uko hata kule, ingawa najua nitaulinganisha na wa kwetu na hautashinda.

Baba watoto anataka pia siku moja Iringa mjini, atupeleke Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nimekubali. Watoto wanapaswa kuliona lile fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Nilikuwa nimeshaweka tarehe: wiki ya mwisho ya Januari. Likizo nimeiomba, gari limefanyiwa sevisi. Jioni hii nikampigia baba mdogo, ambaye sasa ndiye anayegema milanzi ya babu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

Nikamweleza mpango wote, kuanzia Chalinze. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mvua zimechelewa mwaka huu. Machipukizi yapo ila yamefika magotini tu, hayajafaa kukatwa. Ukikata mapema unaua mlanzi na hupati kitu. Akasema tusubiri wiki tatu, labda nne, atanipigia yeye.

Nikamwambia kazini wameshanipa tarehe.

"Waambie mlanzi haujasaini," akasema, akacheka hadi akakohoa.

Nimefuta Januari daftarini. Kesho asubuhi naenda kumwomba bosi anibadilishie likizo, na sijui nitamwelezaje, ila nitamwambia ukweli ulivyo. Kabla hatujaagana baba mdogo aliuliza tutakuwa wangapi. Nikamwambia wanne, na wale marafiki wangu wawili, kama watakubali kuonja tena. Akasema atatenga mbeta mbili za asubuhi, zisiguswe na mtu.