Gia Zilipogoma Kwenye Datsun 240Z ya Ami

Datsun 240Z niliyopewa na ami ni ya 1973, mwaka uleule Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally kwa 240Z. Ilikuwa imelala gerejini hapa Mombasa miaka mingi. Siku ya kwanza kuitoa, kwenye foleni ya feri ya Likoni, kila magari yaliposogea gia ya kwanza ilikataa kuingia. Rivasi nayo ilikwaruza mpaka watu wakageuka.

Fundi wa kwanza alisikiliza dakika moja, akasema giaboksi ishushwe. Nikamwomba anipe siku mbili.

Nyumbani nilizima injini, nikazipitisha gia zote moja moja. Zote laini. Nikawasha, nikakanyaga klachi mpaka chini: kukwaruza kukarudi palepale. Gia zinazoingia vizuri injini ikiwa imezimwa, kisha zikagoma ikiwaka, mara nyingi zinakwambia klachi haiachi, yaani haiitenganishi injini na giaboksi. Rivasi ilinihakikishia. Haina sinkronaiza, yaani ringi ya kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo ukikanyaga klachi, ukahesabu mpaka kumi, ukaingiza na bado inalia, diski ya klachi ingali inazungushwa na injini.

Nikamwita mwanangu akanyage pedali, mimi nikaingia chini ya gari na rula. Fimbo ya silinda ya chini, ile inayosukumwa na mafuta ili klachi iachie, ilisogea milimita 8 tu. Na mpira unaopeleka mafuta hayo kutoka silinda ya juu, Mungu wangu, ulivimba kila alipokanyaga! Nguvu ya mguu ilikuwa ikiishia mle. Nilipovua kifuniko cha vumbi kwenye silinda, yalitoka mafuta meusi tititi. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo ya klachi pia, hunyonya unyevu, na pwani unyevu hauna likizo. Kuta za silinda zilishaliwa na kutu.

Nilibadilisha silinda ya juu, ya chini na mpira, kisha tukatoa upepo kwenye mafuta jioni nzima. Rula ikasoma 15. Gia ya kwanza na rivasi zikaingia bila kelele.

Ikabaki gia ya pili, iliyokwaruza gari likiwa kwenye mwendo. Hapo sasa klachi haikuwa na kosa. Nilimwaga oili ya giaboksi, na kopo lake nililolikuta gerejini lilikuwa la oili ya daraja la GL-5. Giaboksi hii inataka GL-4. Viongeza vya salfa vilivyomo kwenye GL-5 vinaweza kuila shaba ya ringi za sinkronaiza, na utelezi wake huzifanya ringi zishindwe kushika. Nikaweka GL-4 ya 80W-90. Bushi za mkono wa gia nazo zilikuwa zimeisha kabisa, hujui umeshika ya pili au ya nne. Fundi wa lethi alinichongea nyingine za nailoni.

Jumapili tukapanda hadi Mazeras, ami kando yangu. Nikamwambia, "Ami, sikiliza," nikashusha kutoka ya tatu kwenda ya pili. Kimya. Alicheka kwa furaha, nami moyo ukajaa.

Asubuhi, oili ikiwa baridi, gia ya pili bado inakwaruza kidogo, maana ringi zimeshalika. Kwa hiyo ninaposhuka nakanyaga klachi, naweka nyutro, naachia, nagusa pedali ya mafuta, nakanyaga klachi tena ndipo naingiza. Ringi mpya naendelea kuzitafuta. Zikipatikana, hapo ndipo giaboksi itashuka.