Mama, Fidla na Majani ya Millennium Park

Tangu tutoke Millennium Park, bustani ya katikati ya mji hapa Chicago, jana usiku, Mama ana swali moja: wale wapiga fidla wote wanalipwa na nani? Aliuliza tukiwa kwenye treni, akauliza tena leo asubuhi akisukuma chapati. Okestra nzima imekaa jukwaani, watu wamejaa majanini mpaka nyuma kabisa, na hakuna aliyetudai tiketi. Kwake hilo si jambo la kupita hivi hivi. Yeye ni mtoto wa Tanga, amekua na taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, anajua fidla inavyosumbua kujifunza, na anajua mpiga muziki naye ana watoto wa kulisha. Kipande cha pili kilipoisha alikuwa ameshaandaa noti ya dola tano, anataka kwenda mbele kumtuza yule dada aliyepiga peke yake. Nilimshika mkono nikamwambia, Mama, hapa hawatuzi. Alikaa, lakini hakuridhika, na nadhani yeye ndiye mwenye haki.

Nimemjibu kwa ninavyojua. Tamasha hilo, Grant Park Music Festival, lilianza mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wanamuziki wa Chicago wakiwa hawana kazi. James Petrillo, kiongozi wa chama chao, alipigania wapewe kazi ya kupiga muziki bustanini na wananchi wasikilize bila kiingilio. Mpaka leo sehemu ya fedha inatoka kwa mamlaka ya bustani za jiji, yaani kodi, na nyingine kwa wafadhili.

"Kumbe hata wewe umelipa, mwanangu," Mama akasema.

Nimelipa, kweli. Sikuwahi kulitazama hivyo. Miaka yangu ya kwanza hapa nilikuwa nakaa pembeni kabisa mwa majani yale, karibu na njia ya kutokea, kama mtu aliyeingia arusini bila kadi. Jana tulitandika mkeka wetu katikati, tukafungua chapati, maharage ya nazi na samaki wa kukaanga, na jirani zetu wenye jibini na mvinyo wakabaki kuvuta harufu mpaka Mama akawakatia kipande. Juu yetu kuna wavu wa mabomba ya chuma aliousanifu Frank Gehry, umebeba spika ili mtu wa mwisho kabisa asikie sawa na aliye mbele. Viti ni kama 4,000, na majani yanachukua watu 7,000 hivi. Ile hesabu inanipendeza: waliokuja na mkeka wamepangiwa nafasi kubwa kuliko wenye viti.

Kabla ya muziki tulipita Cloud Gate ya Anish Kapoor, lile sanamu la chuma linalong'aa kama kioo, wanaloliita Bean, yaani haragwe. Mama alijitazama, akapiga picha moja ya kumtumia shangazi, basi. Penye Crown Fountain ndipo aliponigomea kuondoka. Ni minara miwili ya vioo, kila mmoja urefu wake meta 15, kazi ya Jaume Plensa. Ndani yake zinaonekana sura za wakazi wa mji, kiasi cha watu 1,000, sura moja baada ya nyingine, hawa watu wa kawaida tu, bibi mwenye makunyanzi, kijana mwenye hereni. Kila sura hutabasamu, ikabana midomo, halafu maji yakaruka kutoka kinywani. Watoto wanasimama chini wakisubiri, wanapiga kelele zile za furaha ambazo ni zilezile kila nchi. Mjukuu wake alilowa chapachapa. Mimi naona hii ndiyo sanaa kubwa zaidi pale, kwa sababu mji umewaweka watu wake juu bila kuuliza nani ni nani.

Na ardhi yenyewe ilitetewa. Mwaka 1836 waliochora ramani ya mji waliandika kwamba ukanda ule wa ufukwe wa Ziwa Michigan ni uwanja wa umma, ubaki wazi milele bila majengo. Maandishi hayajilindi. Mfanyabiashara Aaron Montgomery Ward alianza kuushitaki mji mwaka 1890 kila ulipotaka kujenga pale, kesi zikaendelea mpaka 1911. Matajiri wenzake walimchukia, magazeti yakamsema. Mwenyewe alisema aliwapigania maskini wa Chicago, si mamilionea. Nilipomsimulia Mama hayo alinyamaza kidogo, akaanza kunitajia sehemu za pwani alizokuwa akioga utotoni ambazo leo zina ukuta na geti. Hakuzitaja kwa hasira. Alizihesabu tu, moja moja, kwa majina ya zamani.

Wiki iliyopita tulikwenda Pilsen, mtaa wa Wameksiko. Ukishuka stesheni ya 18th Street picha zinakupokea ukutani, na ukifuata ukuta wa reli wa Mtaa wa 16 utatembea mwendo mrefu ukisoma rangi. National Museum of Mexican Art ilianzishwa na walimu, ilifunguliwa mwaka 1987, na haijawahi kutoza kiingilio. Sitaki kuieleza sana, inataka mtu aende mwenyewe, tena asiende na haraka.

Nje tukakuta mama mmoja na kikokoteni cha mahindi, biashara ambayo mji ulikuja kuihalalisha mwaka 2015 tu, ingawa watu walikuwa wanakula miaka yote. Anayapaka mayonesi, jibini ya unga, pilipili na ndimu. Mama alikataa mayonesi kwa kichwa, akaonyesha ndimu, akaonyesha pilipili, akaonyesha ndimu tena. Yule mama akacheka, akakamua mpaka hindi likachuruzika. Hawana lugha moja hata neno, ila walielewana kuliko mimi ninavyoelewana na msimamizi wangu kazini. Dosari ilikuwa moja: lilikuwa la kuchemsha. "Lingepata mkaa kidogo," Mama akasema, na tangu hapo akawa ananiuliza mkaa unauzwa wapi.

Jumamosi ya pili ya Agosti kuna gwaride la Bud Billiken, kule kusini mwa mji, la Wamarekani weusi, lipo tangu 1929. Bendi za shule, watoto wanacheza barabarani, na likiisha familia zinachoma nyama Washington Park mpaka jioni. Nimeomba kubadilishiwa zamu. Mama ameshapata mkaa, na sasa anataka mishikaki ilazwe kwenye papai bichi tangu Ijumaa, kilo nne, kwa sababu anasema pale lazima kutakuwa na majirani.