Usiku Mume Wangu Alipoanguka Gatini

Mume wangu alianguka majini usiku mmoja wa Februari 2017, saa nane imekwishapita, hatua moja tu kutoka kwenye boti yetu. Hatukuwa safarini. Chombo kilikuwa kimefungwa gatini omo na tezi, yaani mbele na nyuma, umeme wa nchi kavu umeunganishwa, na kitanda bado kina joto. Watu wakisikia mtu amekufa maji hufikiria bahari kuu na mawimbi makubwa. Mimi tangu usiku ule hufikiria gati.

Tulistaafu karibu wakati mmoja, yeye akitoka kwenye vyumba vya mitambo vya meli, mimi wodini, na baridi ya Uingereza ilikuwa imeanza kumwingia magotini. Boti tulikuwa nayo, ya matanga, futi 36, kuukuu lakini nzima. Kiangazi kimoja tukavuka Ghuba ya Biscay, tukateremka na pwani ya Hispania na Ureno mpaka Algarve, kusini kabisa, tukatafuta bandari ya boti za starehe ya kupitishia miezi ya baridi. Wenye boti hawaipendi pwani ile bure. Milima ya Monchique inaikinga na upepo wa kaskazini, na mchana wa Januari hufika nyuzi 15 au 16 wakati huko tulikotoka watu wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Mwisho wa mwezi huo milozi huanza kuchanua, na korongo weupe huwa wameshika viota vyao juu ya mabomba ya moshi ya viwanda vya zamani. Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo hakuna aliyetuhesabia siku. Tangu 2021 mwenye pasipoti ya Uingereza asiye na kibali cha kuishi hupewa siku 90 katika kila siku 180, na najua wazee ambao sheria hiyo iliwakatia majira yao katikati.

Oktoba watalii wakiisha, bandari hubaki na wazee. Gati letu lilikuwa na Waholanzi, Wajerumani, Waingereza, Waswidi, wengi wao mke na mume, wachache wajane. Kila asubuhi saa tatu tulikutana kwenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya boti. Mmoja huongoza kwa zamu: hali ya hewa, nani anakwenda sokoni na ana nafasi ya kubeba mzigo, nani anatafuta pampu, nani anauza. Halafu huita majina ya boti moja moja, nawe huitika. Nililipenda sana lile daftari la sauti. Ukikaa kimya asubuhi mbili, mtu anakuja kugonga ubavuni kwako.

Maisha yenyewe si ya kwenye kadi za posta. Pumzi za watu wawili na mvuke wa sufuria hugeuka matone kwenye vioo vya boti usiku kucha, kwa hiyo kazi ya kwanza ya asubuhi ni kitambaa. Godoro usipoliinua kila baada ya siku chache, huota ukungu chini. Na kuna suala la choo. Ndani ya bandari wengi hawatumii choo cha boti, hutumia vile vya nchi kavu, na vile vyetu vilikuwa mwisho wa gati, juu ya daraja la kupandia. Mwanamume aliyepita miaka 65 halali usiku mzima bila kwenda. Mimi nilikuwa na ndoo yangu yenye mfuniko na sikuona haya. Yeye alikataa ndoo. Alisema mtu aliyefanya kazi melini miaka yote ile hawezi kushindwa kutembea gatini.

Usiku ule maji yalikuwa yamekupwa hadi mwisho, na upepo wa kusini-magharibi ulikuwa umeanza tangu jua lilipozama. Henza, zile kamba za kupandishia matanga, zilikuwa zikipiga milingoti bandari nzima. Upepo ulitupiga ubavuni kutoka upande wa gati, ukaisukuma boti mbali kwa kadiri kamba zilivyoruhusu, halafu ukipoa kidogo boti inarudi. Pengo kati ya sitaha na mbao za gati lilifunguka na kufunga, likafunguka tena.

Nilimsikia akirudi. Ukiishi botini unamjua mtu wako kwa namna chombo kinavyoinama anapokikanyaga. Nikaingoja ile hali. Boti ikainama, kisha ikainuka haraka mno, kabla uzito haujatulia. Baada yake ukaja mshindo mzito wa kitu kigumu, na wala sikusikia maji kuruka.

Nilipofika juu nilimwona kwa taa ndogo ya nguzo ya umeme. Alikuwa katikati ya boti na gati, koti lake la sufi limejaa maji, mdomo wazi, anavuta hewa kwa pupa bila kuitoa. Maji ya Algarve wakati huo wa mwaka huwa na nyuzi kama 15. Si baridi ya kugandisha, lakini yanatosha. Nilikuwa nimesoma mafunzo ya Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, mtaalamu wa miili ya watu kwenye maji baridi. Anafundisha kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika moja ya kutuliza pumzi. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikia. Saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Wengi hawafi kwa ile saa ya mwisho. Hufa mapema, na wengine hufa kwa ile dakika ya kwanza, kwa kuvuta maji badala ya hewa.

Nikalala kifudifudi kwenye mbao. Nikamwambia, "Usiogelee. Shika kamba ya tezi, pumua tu. Toa pumzi. Toa." Akaishika. Baada ya muda nikasikia pumzi inarudi kuwa pumzi.

Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Nenda kaite watu."

"Siondoki."

"Mke wangu, huwezi kunivuta. Nenda."

Ni kweli nisingeweza kumvuta. Gati la kuelea huwa juu ya maji kama nusu mita hivi, na nusu mita hiyo ni ukuta. Mtu mwenye nguo zilizolowa hana pa kukanyaga, na mikono iliyopoa haimwinui. Ngazi ya karibu ilikuwa kwenye kichwa cha gati, boti nyingi mbali na sisi. Lakini kumwacha pale akishikilia kwa vidole ambavyo vingekufa ganzi muda wowote, hilo sikulitaka hata kulifikiria. Nikachukua kamba iliyokuwa imekunjwa sitahani, nikaipitisha chini ya kwapa zake, nikafunga fundo la kitanzi lisilobana, lile alilonifundisha yeye mwenyewe kabla hatujaanza safari yetu ya kwanza. Mwisho wake nikaufunga kwenye chuma cha gati. Sasa hata akiachia, kichwa kitabaki juu.

Ndipo nikapiga kelele. Upepo ukazichukua. Nikapiga tena, hakuna mlango uliofunguka. Basi nikajivuta mpaka boti ya Waholanzi upande wa pili wa gati, nikaupiga ubavu wake kwa kisigino kwa nguvu zangu zote. Mtu aliyelala ndani ya chombo haisikii sauti ya nje, lakini pigo la ubavuni humfika kichwani.

Mwenye boti, mzee kuliko mume wangu, alitoka na nguo za ndani. Mkewe nyuma yake na tochi. Hakuuliza kitu. Alipanda kwetu, akafungua henza ya akiba kwenye mlingoti, akaniletea ncha yake. Nikamwambia angoje. Mtu aliyepoa majini ukimnyanyua wima, shinikizo la maji lililokuwa likiishikilia miguu yake linaondoka ghafla, damu inashuka, na moyo unaweza kusimama pale pale mikononi mwa waokoaji. Nikafunga kitanzi cha pili chini ya magoti, nikaunganisha vyote viwili kwenye henza ili apande akiwa amelala. Mzee akaisukuma boti kwa miguu isimbane mume wangu. Mimi na yule mama tukashika winchi, mashine ya mkono ya kuvutia kamba. Tulizungusha kwa zamu, kila mmoja mpaka mikono ikatae. Alipanda polepole sana, maji yakimwagika kutoka kwenye koti, uso wake umeelekea juu kwenye mvua iliyokuwa imeanza. Tukamlaza sitahani, kisha tukamteremsha ndani.

Mholanzi alileta chupa ya medronho, pombe kali ya huko, kwa wema wote. Nilimrudishia. Pombe huifungua mishipa ya ngozi na joto la ndani linatoka nje. Sikuruhusu asuguliwe mikono wala apelekwe kwenye bafu la maji moto. Nilimkata nguo kwa mkasi, nikamfunika blanketi hadi kichwani, nikamweka chupa za maji ya vuguvugu zilizoviringishwa taulo kwapani na kifuani, na nikamkataza kukaa. Alikuwa akitetemeka mpaka meza inagonga. Nilifurahi kumwona akitetemeka; ningeogopa kama angeacha.

Tulikuwa tumepiga 112, namba ya dharura. Gari la wagonjwa lilifika upesi, lakini kwa maji kupwa, daraja la kupandia lilikuwa limesimama kama ngazi ya dari. Kuifikisha machela juu kulihitaji watu sita, na gati zima lilikuwa limekwishaamka. Hospitalini walimkuta na mbavu mbili zilizopasuka, ule mshindo niliousikia. Walimweka mpaka kesho yake jioni.

Asubuhi ile saa tatu redio iliita majina. Boti yetu ilipoitwa, yule mama wa Kiholanzi akaitika kwa niaba yetu, akaeleza yaliyotokea. Nimeambiwa kulikuwa na kimya kirefu, kisha mtu mmoja akauliza, "Mkewe yuko na nani?" Niliporudi nilikuta sufuria tatu za chakula sitahani.

Nilikwenda ofisi ya bandari kudai ngazi. Waliniandikia vizuri kwamba jambo hilo litaingizwa kwenye bajeti ijayo. Niliona hasira, kwa sababu Februari haisubiri bajeti. Mume wangu, mbavu bado zinauma, ndiye aliyesema tusiwasubiri. Aliomba kupitia redio kwamba kila boti ining'inize ngazi yake ya kamba tezini usiku, na kwamba Jumamosi mchana tufanye mazoezi.

Nataka niyaeleze mazoezi hayo, maana hapo ndipo nilipojua hali yetu ilivyokuwa. Mswidi mmoja mwenye vazi la kuzamia alijitolea kuwa mtu aliyeanguka. Kwanza alijaribu kupanda gati kwa mikono, mchana, bila upepo, akiwa na nguvu zake zote. Hakuweza. Wanaume waliokuwa wamesimama wakisema "mimi ningepanda" wakaacha kusema. Kisha tukapita boti moja baada ya nyingine, na sharti la mume wangu lilikuwa moja: wanaofanya kazi ni wanawake, kwa kuwa mara nyingi anayeanguka ni mwanamume na anayebaki juu ni mkewe. Boti moja henza yake haikufika majini. Nyingine winchi ilikuwa imegandishwa na chumvi, haijazungushwa tangu vuli. Mama mmoja wa Kijerumani, mwembamba, mwenye ugonjwa wa viungo vya mikono, alizungusha mara chache akaacha. Alimtazama mumewe aliyekuwa na mwili mkubwa, akaanza kulia palepale. Hakuna aliyemwambia asilie. Mume wangu na Mholanzi wakakaa kwenye sitaha yao hadi giza likaingia, wakamtengenezea mfumo wa kapi nne, na Jumamosi iliyofuata akamtoa Mswidi majini peke yake.

Kuhusu choo, mume wangu alikubali ndoo.

Ngazi za ofisi zilikuja msimu uliofuata, za chuma, zimepakwa manjano, moja kwa kila boti mbili. Ilikuwa bado Novemba nilipogongewa ubavuni alfajiri. Ni yule Mswidi, safari hii bila vazi la kuzamia, alikuwa ameteleza akitoa takataka. Maji yalimtiririka, meno yanagongana, na alikuwa amepita boti yake mwenyewe ili anifikie kwanza. Aliniambia ngazi inafanya kazi. Nikamwambia aingie ndani, nikaenda kutafuta mkasi.