Yaya ni nani? Kesi ya watoto wa mdogo wangu

Sheria ya Uingereza inakataza kutangaza jambo lolote linaloweza kumtambulisha mtoto aliye kwenye kesi ya malezi, na yanayosemwa mbele ya jaji hubaki humo humo. Kwa hiyo sitataja jina la mtu wala mji ninaoishi. Nitasimulia yaliyotokea jikoni kwangu na kwenye simu.

Sisi ni watu wa Bukavu, mashariki mwa Congo, mtaa wa Kadutu. Mdogo wangu alifika huku mjane, na mimba, na watoto wawili: mvulana wa miaka 12 na msichana wa 6. Alipojifungua wa tatu akaugua, ule ugonjwa wa akili unaowashika wanawake wengine baada ya uzazi. Kati ya mji wake na wangu ni saa nne kwa basi, na kwenye simu alikuwa ananiambia yuko salama. Novemba 2024 nikapata habari kwamba watoto wameshachukuliwa na halmashauri, yaani serikali ya mji: wakubwa wawili kwa familia moja ya malezi, mchanga kwa familia nyingine.

Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inaitaka halmashauri iwaweke ndugu mahali pamoja, lakini kadiri inavyowezekana. Nyumba ya malezi yenye nafasi ya watoto watatu kwa mara moja haikupatikana. Basi haikuwezekana.

Januari afisa wa ustawi wa jamii alikuja kunipima kama nafaa kulea. Alikaa jikoni, akafungua kompyuta yake, akaniuliza: yule mwanamke aliyekuwa ameajiriwa kulea watoto ni nani, na yuko wapi? Nilishangaa. Mdogo wangu hakuwa na pesa ya kumwajiri mtu. Nikamwomba anisomee alichosema yule msichana. Akasoma: mfanyakazi alikuwa ananilaza, ananipa chai asubuhi, anambeba mtoto usiku.

Hapo nikaelewa. Mtoto alisema "yaya". Kwetu Bukavu yaya ni mkubwa wako, awe wa kiume au wa kike. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, na huko yaya ni mwanamke anayelipwa kulea watoto. Simlaumu, alitafsiri Kiswahili anachokijua. Lakini kwa karibu miezi miwili watu walikuwa wanamtafuta mwanamke asiyekuwepo, na yule mvulana aliyekuwa anaamka usiku kupasha maziwa alikuwa chumba cha pili. Hakuna aliyemuuliza analalaje bila kumsikia mdogo wake akipumua.

Niliporuhusiwa kumtembelea, alinipa karatasi aliyoichana kwenye daftari la shule. Aliandika: "Maziwa yapoe kwanza. Asilale bila kitenge ya mama, ile ya samaki. Akilia usiku anataka mgongo, hapana mikono." Akaniomba niifikishe kwa wanaomlea mtoto, kwa sababu yeye haruhusiwi kujua wanakaa wapi. Niliikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, na kwenye basi sikuweza kuifungua tena.

Kesi hizi zinatakiwa kwisha ndani ya wiki 26. Ni muda mfupi kwa familia iliyotawanyika nchi mbili. Kabla ya uamuzi tuliitwa kwenye mkutano wa familia, na nilifurahi kusikia kwamba desturi hiyo ilitokana na Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, na ikaingizwa kwenye sheria ya nchi hiyo mwaka 1989. Nikamwambia afisa: hicho ni kikao, sisi tunakijua. Congo nayo ina mahakama za watoto kwa sheria ya Januari 2009, lakini Kadutu mtoto akikosa mlezi watu hukaa kwanza sebuleni, wajomba na mashangazi, na jioni hiyo hiyo anajua analala wapi.

Tatizo ni nani anahesabiwa. Kwa simu waliingia baba wadogo wa watoto, wakasema watoto ni wa ukoo wa baba, iweje wakae upande wa mama? Mama yetu akakamata simu: "Batoto baende kwa bazungu, na sisi tuko?" Alitaka waletwe kwake wote watatu. Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu, uwanja wa ndege wa Kavumu ukiwa umeshatekwa, benki zikafungwa. Nani angesafiri kwenda kukagua nyumba ya koko, bibi yao? Jina lake likaondolewa kwenye orodha. Mpaka leo anaamini ni mimi niliyeliondoa.

Mdogo wangu naye alinyamaza kwangu. Aliponiona nimejitokeza kuchukua watoto, aliona nimesimama upande wa halmashauri. Na kweli niliulizwa: mama yao akija mlangoni akiwa mgonjwa, utamfungulia? Ulizwa hivyo juu ya mtoto uliyembeba mgongoni ukiwa na miaka minane, uone utajibu nini. Nilisema sitafungua. Nilijibu hivyo kwa sababu nilikuwa nawataka watoto, na jibu lile bado linaniuma.

Hata binti yangu wa kuzaa aliguswa. Alianguka shuleni akachubuka goti, akavaa soksi ndefu wiki nzima mwalimu asione. Nilipomuuliza alisema: "Na sisi watatuchukua?"

Mwishoni mwa Mei nikapewa ulezi maalumu wa msichana na mtoto mchanga, hadi watakapofika miaka 18. Mvulana alibaki kwa familia ya malezi. Nyumba yangu ina vyumba viwili, lakini hiyo si sababu kubwa. Yeye mwenyewe alisema hatoki mji ule, maana nani atakuwa karibu na mama?

Wenzangu mlio huku, jina lako lifike kwa halmashauri wiki ya kwanza, kwa maandishi, usingoje kuulizwa. Mzazi anapewa wakili wa bure bila kuulizwa kipato. Mama mkubwa au koko hana haki hiyo moja kwa moja, na hata kuingia kwenye kesi ni mpaka aombe ruhusa. Ndugu wa mtoto, kaka na dada zake, ndio wanaosahaulika kabisa. Wakati wa kesi yetu, kifungu cha 34 cha ile Sheria ya Watoto kilitaja wazazi na walezi wa kisheria kama watu ambao halmashauri lazima iwaruhusu kuonana na mtoto aliye mikononi mwake. Ndugu hawakuwemo; ndugu akitaka amri ya kuonana naye, ilikuwa lazima kwanza apewe ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo dai liandikwe mapema, siku na saa, ndugu wataonana lini. Na mkipewa mkalimani, ulizeni anatoka wapi.

Sisi tulipata Jumamosi moja kila mwezi. Mtoto sasa anatembea. Mara ya mwisho alivuka ukumbi mzima akiita "yaya, yaya", na yule mvulana, ambaye sauti yake imeshaanza kuvunjika, akageuka akachuchumaa na kumpa mgongo.

Koko hajawaona watatu pamoja tangu vita ifike mjini. Nimeomba ruhusa awepo kwenye simu Jumamosi ijayo, na wamekubali dakika kumi. Nimemwambia achaji simu Ijumaa usiku, umeme ukiwepo.