Usiku Viganja Vyangu Hukauka

Karatasi ya mtihani ndiyo iliyoniumbua. Nilikuwa na miaka 14, naandika, na kila nilipoinua mkono nilikuta wino umetapakaa kwa jasho la kiganja. Msimamizi aliishika kwa ncha za vidole, akaniuliza kama niliidondosha kwenye ndoo. Tangu siku hiyo nikawa natembea na vitambaa viwili: kimoja cha kuweka chini ya mkono ninapoandika, kingine mfukoni kwa ajili ya wanaopenda kusalimiana kwa mkono.

Kila mtu alikuwa na lake. Ni woga. Ni joto. Kunywa maji kidogo. Hilo la maji nililifuata wiki kadhaa, nikaambulia kichwa kuuma na viganja vilevile. Kilichonishangaza ni kwamba hata asubuhi ya baridi, nimejifunika sweta, mikono ilikuwa ikichuruzika. Joto gani hilo?

Miaka mingi baadaye nikaenda kwa daktari wa ngozi. Alisikiliza, kisha akauliza: "Ukilala, mikono inalowa?" Sikuwa na jibu. Nani anajua mikono yake iko vipi akiwa usingizini? Nikarudi nyumbani, nikamwomba dada anishike viganja usiku. Asubuhi akaniambia, "Mikavu kabisa. Nilidhani nimemshika mtu mwingine."

Kumbe swali lile lilikuwa nusu ya vipimo. Kutokwa na jasho kupita kiasi, haipahidrosisi kwa jina la kitabibu, kuna aina mbili. Ile ya kwangu huanza utotoni au ujanani, hushika sehemu maalumu kama viganja, nyayo na kwapa, pande zote mbili kwa pamoja, mara nyingi kuna mwingine katika ukoo aliye nayo, na usingizini hukoma. Aina ya pili ni dalili ya jambo jingine: tezi ya thairodi inayofanya kazi kupita kiasi, kifua kikuu, saratani ya limfu, kushuka kwa sukari, hata dawa fulani. Mtu anayeamka shuka zimelowa chapachapa, huku anapungua uzito au ana homa, asianze na poda. Aende akapimwe.

Daktari alinichorea tezi ya jasho nyuma ya karatasi. Mwilini zipo kati ya milioni mbili na nne, na nyingi ni vijirija vyembamba vilivyojisokota fundo ndani ya ngozi, kisha vikapanda hadi juu. Fundo hutoa majimaji yenye chumvi. Yakiwa njiani kupanda, sehemu kubwa ya chumvi hurudishwa mwilini. Amri ya kutoa jasho hutoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, hushuka kwa mishipa ya fahamu, na mwisho wa mshipa humwagwa kemikali ya asetilikolini inayoiamsha tezi. Tezi za mgongoni na kifuani hutii zaidi joto. Za viganja na nyayo hutii zaidi hisia: wasiwasi, furaha, hata kufikiri kwa bidii. Tezi zangu si nyingi kuliko zako, wala si kubwa. Zinapigiwa kelele tu, muda wote niko macho. Basi woga haukuwa chanzo, ingawa kuogopa kulowa kulinilowesha zaidi.

Kwapani kuna aina nyingine tena ya tezi, hufunguka kwenye shina la nywele na huanza kazi wakati wa balehe. Utomvu wake hauna harufu mpaka bakteria wa kwenye ngozi wauchakachue, ndipo kikwapa hutokea. Manukato hufunika harufu tu. Jasho halikomi kwa marashi.

Nilianza na dawa ya kupaka ya aluminiamu kloraidi, na hapa nilifanya kosa. Nilikuwa naoga asubuhi, nafuta haraka, napaka. Kwapa ziliwaka moto, ngozi ikawa nyekundu, na jasho likaendelea kama kawaida. Nikaiacha miezi mitatu nikiitukana. Niliporudi, daktari alicheka: dawa hiyo ikikutana na unyevu hutengeneza asidi, ndiyo inayochoma. Inatakiwa ipakwe usiku kabla ya kulala, ngozi ikiwa kavu kabisa, ioshwe asubuhi. Usiku tezi zimetulia, hivyo dawa huingia kwenye vijirija na kuviziba bila kusukumwa nje. Jibu la dada lilikuwa limebeba na hilo, sikulisoma. Wiki mbili, kwapa zikatulia.

Viganja vikagoma. Nikajaribu vidonge vinavyozuia asetilikolini. Jasho lilipungua, lakini na mate pia, ulimi ukawa unanata nikizungumza. Nikaviacha. Sindano za botulinamu, sumu ya bakteria inayotumiwa kama dawa kwa kiasi kidogo, hunyamazisha mshipa kwa miezi kadhaa, ila viganjani huuma sana. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani niliukataa bila kufikiri mara mbili: viganja hukauka kweli, lakini wengi huishia kulowa mgongo na tumbo.

Kwenye benchi la kusubiri nilikaa siku moja na kijana asiyetoka jasho kabisa. Nikamwambia ana bahati. Akanitazama tu, kisha akaeleza kwamba akikimbia kidogo mwili huchemka hadi azirai, maana hana cha kumpoza. Sijasema neno bahati tena. Mama mmoja alikuwa na majipu kwapani yasiyoisha, yanayopasuka na kuacha makovu. Zamani ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa wa tezi za jasho. Siku hizi inajulikana kwamba huanzia kwenye mashina ya nywele yaliyoziba. Alikuwa ameambiwa miaka yote kwamba ni uchafu.

Kilichonifaa mimi ni mashine ya maji na umeme mdogo. Unaweka viganja kwenye trei mbili za maji ya bomba, mkondo dhaifu unapita kwa dakika 20 hivi. Pete zivuliwe, vidonda vidogo vipakwe mafuta mazito, la sivyo huchoma. Mjamzito au mwenye kifaa cha umeme cha moyo haruhusiwi. Nilianza mara nne kwa wiki. Mara tano za mwanzo sikuona kitu, nikataka kuirudisha. Mara ya nane nilifungua mlango na kitasa hakikuteleza.

Sasa natumia mara moja kwa wiki. Nikiruka wiki tatu, viganja hurudi palepale. Nyayo sijazishughulikia bado. Kila mchana nabadilisha soksi, na jozi ya pili inakaa kwenye begi, mahali pa kitambaa.