Nilivyoilinda gesi ya soda mkahawani Malindi

Mashine ya soda huchanganya maji, shira na gesi ya kaboni dayoksaidi. Maji tunayachuja, shira tunaangalia tarehe. Gesi haina anayeiuliza, nami ndiyo niliyoamua kuivalia njuga.

Gesi ya vinywaji hutakiwa iwe safi kwa asilimia 99.9 au zaidi, na benzini, kemikali yenye sumu, isizidi sehemu 20 kwa bilioni. Si masihara: mwaka 1998 Uingereza, vinywaji viliondolewa madukani kwa sababu gesi yake ilikutwa na benzini. Kwa hiyo msambazaji aliponiletea mtungi wa bei nafuu, wa gesi ya kuchomelea vyuma, akasema, "Gesi ni ile ile, bosi wangu," nilimwambia aurudishe. Huenda ni ile ile kweli, lakini nani ameipima kwa ajili ya koo la mtu? Na mtungi wenyewe umelala gereji ngapi? Siku hizi hakuna mtungi unaoshushwa kwenye pikapu kabla sijalinganisha cheti cha usafi wa gesi na lebo yake.

Kabla ya kufunga regulata, kifaa cha kupunguza presha, nafungua valvu ya mtungi kidogo ipulize vumbi na chumvi mdomoni mwake. Kisha napitisha gesi kwenye glasi ya maji safi, nayanusa, nayaonja. Yawe na ukali kidogo ulimini, basi. Yasinuke mafuta wala yai viza. Benzini ndogo kiasi kile pua haiipati, ndiyo maana cheti hakina mjadala, na kwenye mpira wa gesi nimeweka kichujio cha makaa.

Joto ndilo lililonisumbua zaidi. Gesi hii hukaa mtungini kama kimiminika, lakini ikipita nyuzi 31 haikai tena hivyo, na kaskazi yetu hufika huko bila shida. Geji ya presha hufuata joto la stoo, haikwambii kilichobaki, kwa hiyo mtungi naupima kwenye mizani, tena kivulini. Siungoji ukauke: mafuta na uchafu mzito hujikusanya chini. Naufunga ungali na presha, hewa ya baharini isipate pa kuingilia.

Fundi naye alitaka kuunga paipu ya shaba karibu na karboneta, sehemu ya mashine inayochanganya maji na gesi. Nikakataa. Maji ya soda yana tindikali, hula shaba, na anayeyanywa huweza kutapika. Tukaweka ya plastiki, pamoja na valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Valvu hiyo nataka ifunguliwe niione kila mashine inaposafishwa, hata fundi akiapa kwamba haina neno.