Kaapi ya mama: daftari la majaribio, la 1 hadi la 11

Chujio la kahawa lilitoka Chennai, India Kusini, ndani ya begi la mkononi, limeviringishwa kwenye kanga ya mama ili lisibonyee. Tulikaa kule wiki sita kwa matibabu yake, tumepanga chumba karibu na hospitali. Mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye wapangaji wote tulimwita Amma, alibisha hodi kila alfajiri akiwa na kikombe cha stili kilichokaa ndani ya kibakuli chake. Mama ni mtu wa Tanga. Kahawa kwake ni ile chungu, ya kwenye deli, na kashata pembeni. Siku ya kwanza alikitazama kile kikombe cha maziwa kama kitu kilichokosewa. Siku ya tatu alikuwa macho kabla ya hodi.

Sasa tuko Dar, na kitu pekee cha kule anachokiulizia ni hiyo kahawa, wenyewe huiita kaapi. Nataka aipate hapa hapa, kwa kahawa yetu.

Chujio ni makopo mawili, moja linakaa juu ya jingine. La juu lina vitundu vidogo chini, kama vimetobolewa kwa sindano. Unatia unga, unaukandamiza kwa kisahani chenye matundu na mpini mfupi, unamimina maji yaliyochemka, unafunika, unaondoka. Kopo la chini linapokea tone kwa tone. Kinachopatikana Amma alikiita dikashani: cheusi, kizito, hakinywewi peke yake. Kinangoja maziwa ya moto.

Jaribio la 1. Nilitumia unga tuliokuja nao, sehemu 70 kahawa na 30 chikori. Mama alionja, akasema, "Ndiyo yenyewe." Pakiti mbili za gramu 200 hazikufika mbali, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Jaribio la 2, la 3, la 4. Arabika ya Kilimanjaro, iliyokaangwa kiasi, nimeisaga kwenye kijagi cha viungo cha blenda. Harufu ilijaa nyumba nzima. Lakini maji yalipita kwa dakika nne tu, na maziwa yakaimeza kahawa yote. "Mwanangu, haya ni maziwa yaliyopita karibu na kahawa," mama alisema, na alikuwa sahihi.

Nilirudi kuifikiria ile chikori. Ni mzizi unaokaushwa, unakaangwa na kusagwa. Hauna kafeini kabisa. Nilidhani kazi yake ni kupunguza gharama tu. Kumbe unafyonza maji, unavimba, unabana njia, na matone yanadondoka polepole, huku ukiongeza weusi na utamu mchungu kama wa sukari iliyoungua. Ukiiondoa, mwendo wa matone unabaki juu ya usagaji na mkandamizo wako.

Jaribio la 5. Nikasaga laini sana na kukandamiza kwa nguvu. Niliweka usiku, asubuhi nikakuta maji yamesimama juu ya unga, baridi, na chini hakuna hata kijiko cha chai. Blenda inatoa vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja, na lile vumbi ndilo lililoziba vitundu. Tangu siku hiyo napitisha unga kwenye chekeche mara mbili: vipande vinarudi kusagwa, vumbi la mwisho naliweka kando. Unga unaofaa ukiusugua vidoleni unahisi chembechembe, kama chumvi laini ya mezani.

Jaribio la 6 hadi la 8. Mwenzangu kazini, mtu wa Bukoba, aliniletea robusta ya kwao. Kwao mgeni hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa atafune, kwa hiyo alishangaa kidogo niliposema nataka kuziongeza maziwa. Robusta ina kafeini nyingi kuliko arabika, uchungu wake ni wa wazi, na inatoa ule mwili mzito ambao maziwa hayaufuti. Hata Karnataka, zinakotoka kahawa nyingi za India Kusini, wanalima zote mbili. Wenyewe wanasimulia kwamba mbegu saba za mwanzo zililetwa kutoka Yemen na Baba Budan, mtu wa dini, akazipanda kwenye milima ya Chikmagalur. Robusta tupu ilimshinda mama. Nusu kwa nusu ilimkunja uso kidogo tu.

Jaribio la 9 liliharibika kwa sababu ya maziwa. Nilinunua ya kupimiwa, nikachemsha, hayakuweka utandu hata kidogo: yametiwa maji. Nikakumbuka mabango ya Kumbakonam, mji wa India Kusini, yanayotangaza kahawa ya digrii. Maelezo niliyopewa kule ni kwamba digrii hiyo ni ya kipimo cha maziwa, kinachoonyesha kama yamechanganywa na maji. Sasa nanunua kwa mama mmoja wa jirani mwenye ng'ombe, na ya siku hiyo hiyo.

La 10 nilichemsha dikashani jikoni ili ipate moto. Usifanye hivyo. Inakuwa kali na harufu inapotea. Moto utoke kwenye maziwa.

Jaribio la 11, Jumapili hii. Gramu 30: 18 za Kilimanjaro, 12 za Kagera, zilizokaangwa hadi zianze kung'aa mafuta. Kijiko kimoja cha maji ya moto kulowesha, kusubiri kidogo, halafu mililita 150. Kisahani nimekiweka bila kukigandamiza. Dakika 25, dikashani kama mililita 90. Kikombe kimoja: sehemu moja yake, maziwa sehemu tatu, sukari kijiko.

Nikampelekea mama na kibakuli chake. Akaimimina kutoka kikombe kwenda kibakuli na kurudi, mkono ukipanda juu kila mara, vile vile alivyokuwa akitupozea uji tulipokuwa wadogo. Akanywa bila kusema neno, akaweka chini.

"Uzito umefika," alisema. "Povu la Amma lilikuwa refu zaidi."

Jaribio la 12 litakuwa na kahawa ya punje duara, ile ya tunda lenye mbegu moja badala ya mbili. Amma aliisifia sana, na ndugu yangu wa Moshi ameahidi kuituma nusu kilo.